Alama Tatu kwa Sita: Utabiri wa Kiharusi na Mifuko ya Familia

Mshipa ukipasuka ndani ya ubongo, damu hutafuta nafasi ambayo haipo. Fuvu halitanuki, kwa hiyo kinachobanwa ni ubongo wenyewe. Ndiyo maana kiharusi cha kuvuja damu, ingawa ni kichache kuliko kile cha mshipa kuziba, huua haraka zaidi. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha kwamba takriban wagonjwa 40 katika kila 100 hufariki ndani ya mwezi mmoja. Afrika mzigo wake ni mkubwa zaidi. Katika nchi tajiri aina hii ni viharusi 10 hadi 15 katika kila 100, lakini utafiti mkubwa uliofanywa Ghana na Nigeria ulikuta karibu kimoja katika kila vitatu. Wengi wa wanaopatwa huku kwetu bado wana nguvu za kufanya kazi, na presha yao ama haikuwahi kupimwa ama dawa ziliachwa njiani.

Swali la familia huja mapema. Iwe Kisumu, kwenye hospitali ya rufaa ambayo wenyeji wangali wanaiita Russia, iwe Kakamega au Nakuru, aliyemleta mgonjwa atamuuliza mtu wa kwanza mwenye koti jeupe: "Daktari, huyu atapona?" Tangu mwaka 2001 kuna njia ya kulijibu swali hilo kwa nambari. Nambari yenyewe ina manufaa ya kweli na madhara ya kweli. Ila nadhani huku magharibi mwa Kenya madhara yake hupitia mlango ambao watafiti wa Marekani hawakuhitaji kuutazama.

Njia hiyo inaitwa alama ya ICH, kifupi cha Kiingereza cha kuvuja damu ndani ya ubongo, na iliundwa na Claude Hemphill na wenzake wa San Francisco kutokana na wagonjwa 152. Uzuri wake ni wepesi. Kwanza huangaliwa fahamu za mgonjwa kwa kipimo cha Glasgow, kinachoanzia 3 hadi 15: aliye na 3 au 4 hupewa alama 2, mwenye 5 hadi 12 hupewa 1, na mwenye 13 kwenda juu hapewi kitu. Damu ikifika mililita 30, alama 1. Ikiwa imemwagikia kwenye vyumba vya maji ya ubongo, 1. Ikiwa imeanzia chini, kwenye shina la ubongo au ubongo mdogo ulio kisogoni, 1. Mgonjwa akiwa na miaka 80 au zaidi, 1. Jumla haizidi 6. Katika wale 152, hakuna mwenye alama 0 aliyefariki ndani ya siku 30. Wenye alama 1 walifariki 13 kwa 100, wenye 2 walikuwa 26, wenye 3 walikuwa 72, wenye 4 walikuwa 97, na wenye 5 walikwisha wote.

Tazama hatua ya kutoka 2 kwenda 3. Tuseme kuna mama wa miaka 58 kutoka Ahero, mgonjwa wa kubuni. Anafumbua macho akiitwa, anatamka maneno yasiyohusiana na anachoulizwa, hafuati maagizo, lakini akifinywa anaupeleka mkono wa kulia pale palipofinywa. Hiyo ni 11 kwenye Glasgow, kwa hiyo alama 1. Damu imefika kwenye vyumba vya maji, alama ya pili. Inabaki kujua wingi wa damu, na hapa madaktari hutumia hesabu ya haraka: urefu wa donge kwenye picha ya CT, mara upana, mara kina, gawa kwa mbili. Donge la sentimita 4 kwa 4 kwa 4 ni mililita 32, na mama huyu ana alama 3. Kina kikisomwa sentimita 3.5 badala ya 4, ni mililita 28, na ana alama 2. Nusu sentimita, kwenye donge lisilo na umbo la kueleweka, lililopimwa usiku na daktari aliye peke yake zamu nzima, inamhamisha kutoka 26 kwa 100 hadi 72 kwa 100. Mama ni yuleyule na damu ni ileile.

Watetezi wa alama wana jibu, tena si dhaifu. Watasema Hemphill hakuitunga ili isomwe kitandani kama hukumu. Aliitunga ili madaktari na watafiti wawe na lugha moja ya kupimia uzito wa ugonjwa. Kwa kazi hiyo sijaona cha kuishinda. Afisa tabibu aliye Siaya akimpigia simu mwenzake wa Kisumu na kumwambia "ana presha ya juu sana na amepooza upande mmoja", amemwambia kidogo. Akimtajia kipimo cha Glasgow, na picha ikiwepo wingi wa damu na mahali ilipo, amemweleza karibu kila kitu kinachohitajika kuamua kama gari la wagonjwa liondoke sasa hivi, na liende Kisumu au lipitilize hadi Eldoret penye wapasuaji wa ubongo.

Hoja yao ya pili ndiyo inayonigusa zaidi. Pasipo nambari, utabiri haukomi. Unahamia tu kichwani mwa daktari, na humo una upendeleo wake. Kitanda cha mahututi kikiwa kimoja na wagonjwa wawili, mwalimu mkuu mstaafu ambaye mwanawe yuko Nairobi na anajua kupiga simu, na mchuuzi wa omena aliyeletwa na majirani, ni rahisi mno kuona "matumaini" kwa mmoja na kutoyaona kwa mwingine. Nambari haiulizi mtoto wa nani. Mililita 30 za mchuuzi ni mililita 30 za mwalimu mkuu. Anayetaka nambari itupwe kabisa atueleze basi ni nini kitakachomlinda yule mchuuzi.

Kuna na uaminifu kwa familia. Watu huuza ng'ombe, hukodisha shamba, humtoa binti chuoni aje kuuguza. Kumwacha mtu atumie kila alichonacho kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia hali ilivyo ni uoga uliovaa sura ya huruma. Sheria ya Afya ya 2017 pia inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, isipokuwa pale ambapo kuna ushahidi wa kutosha kwamba kuelezwa ni kinyume cha maslahi yake.

Sasa upande wa pili. Mwaka huohuo wa 2001, watafiti wa Seattle walichapisha jambo lililowakosesha wengi usingizi. Walipochunguza nini hasa kinatabiri kifo baada ya ubongo kuvuja damu, walikuta kwamba uamuzi wa kuondoa huduma ulikuwa na uzito kuliko wingi wa damu, kuliko fahamu, kuliko umri. Yaani daktari anaona dalili mbaya, anaiambia familia hakuna tumaini, mashine zinaondolewa, mgonjwa anafariki, kisha kifo hicho kinaingizwa kwenye takwimu kuthibitisha kwamba dalili zile ni mbaya. Utabiri wa mvua hauna shida hii. Idara ya hali ya hewa ikitangaza ukame Nyanza, mawingu hayasikilizi redio. Utabiri wa mgonjwa husikilizwa na watu wanaoshika uhai wake mikononi.

Ushahidi wa kinyume ukaja mwaka 2015. Wagonjwa 109 wa Marekani walipewa huduma kamili kwa siku tano za kwanza, pasipo agizo lolote la kutowahuisha moyo ukisimama. Kwa hesabu ya alama ya ICH, nusu yao walitarajiwa kufariki ndani ya siku 30. Waliofariki walikuwa kama 20 kwa 100. Kundi hilo lilikuwa dogo, na huduma waliyopata si ya kila mahali, lakini pengo la 50 na 20 haliwezi kufunikwa kwa kusema ni bahati. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Moyo la Marekani wa mwaka 2022 unashauri kwamba mgonjwa ambaye hakuwa ameacha maagizo yake asiwekewe vikomo vipya vya huduma kabla ya siku ya pili kamili kwisha, na kwamba alama peke yake isitumike kumwamulia mtu mmoja.

Hadi hapo ubishi ni wa Marekani: mashine ipo, na swali ni lini izimwe. Nakuru na Kisumu hali ni nyingine. Mara nyingi hakuna aliyezima mashine, kwa sababu mgonjwa hakuwahi kuunganishwa nayo. Kinachokatika ni mtiririko wa fedha. Kikundi cha WhatsApp cha ukoo kimefunguliwa tangu asubuhi, M-Pesa inaingia, mweka hazina ni binamu wa Kericho. Kisha mtu anatoka wodini na kuandika kwamba daktari amesema watu 72 kwa 100 wa namna hii hufa. Hakuna anayekosea adabu. Michango inaendelea, ila lengo lake linabadilika kimyakimya: picha ya pili ya CT inaahirishwa, gari la kwenda Eldoret linaonekana ghali, na wazee wanaanza kufikiria matanga, ambayo nayo yana gharama zake na hayakwepeki. Tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya taifa, ichukue nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, familia nyingi bado hazijui kwa hakika kipi kitalipiwa na kipi kitatoka mfukoni, na penye shaka hiyo nambari mbaya hupata nguvu mara mbili. Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haisemi lolote kuhusu familia inayojinyima yenyewe baada ya kusikia nambari.

Halafu kuna uji. Najua ni jambo dogo kwenye mada ya takwimu, lakini wodi za wanaume na wanawake kuanzia Busia hadi Nakuru zinalijua. Mgonjwa haulizwi uji, walisema wahenga, na jamaa huja na chupa ya chai yenye uji wa wimbi, wakamnywesha mgonjwa akiwa amelala chali kwa upendo wote wa dunia. Kiharusi huharibu kumeza. Uji unapita njia ya hewa, homa inapanda siku ya nne, kifua kinakoroma, na siku ya tisa mgonjwa anafariki kwa nimonia. Kwenye rekodi atahesabiwa na wale 72. Lakini ameuawa na kitu ambacho alama ya ICH haikukipima, na ambacho kingezuiwa na muuguzi mmoja mwenye kijiko cha maji na dakika tano za kujaribu kumeza kwake, mgonjwa akiwa ameketishwa wima. Huyu, kabla ya uji, aulizwe koo lake.

Mfano huo una maana kwa pande zote mbili. Huenda vifo vyetu ni vingi kuliko alama inavyotabiri, kwa sababu ya nimonia, vidonda vya kulalia na dawa zilizokwisha. Huenda ni vichache kuliko inavyotabiri kwa wale wanaofika hospitali, kwa sababu damu huongezeka zaidi katika saa za mwanzo, na aliyetoka Mbita au Sio Port akafika Kisumu siku ya pili akiwa hai ameshavuka saa hizo. Ambao wangekufa mapema wamefia nyumbani au barabarani. Umri nao: alama ya miaka 80 ina maana San Francisco, lakini kwa wagonjwa wetu walio vijana zaidi karibu haitumiki, na kijana wa miaka 45 anahesabiwa sawa na mzee wa 79. Kipimo chenyewe cha Glasgow kinadai mtu ajibu maswali. Bibi kizee anayejua Kijaluo tu akiulizwa kwa Kiswahili na muuguzi mgeni, akakaa kimya, kimya hicho kinaweza kuandikwa kama dalili. Mwingine damu imempiga upande wa usemi, anaelewa kila kitu na hawezi kutamka. Mwingine sukari imeshuka na hakuna aliyeipima.

Lipo pia kosa lililojengwa ndani ya alama yenyewe. Damu ya shina la ubongo na damu ya ubongo mdogo zote zinapewa alama ileile mbaya kwa kuwa ziko chini. Lakini donge kubwa kwenye ubongo mdogo ndilo ambalo upasuaji wa haraka huokoa maisha, na mwongozo huo wa 2022 unaupendekeza donge likifika mililita 15 au likiwa linabana. Ukisoma alama tu, utamwona mgonjwa huyu ameshakwisha, kumbe ndiye alitakiwa kuwekwa wa kwanza kwenye gari la Eldoret.

Na familia, kwa kweli, haikuuliza kuhusu siku 30. Ukiisikiliza vizuri inauliza: atatembea? Ataongea? Atanijua? Kwa hilo ipo alama nyingine iliyotoka mwaka 2008, inayokadiria uwezekano wa mtu kujitegemea baada ya siku 90, na haijulikani sana kama ile ya kwanza. Hata hiyo huenda inachungulia mapema mno. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 uliwafuata wagonjwa wa majaribio mawili makubwa ya matibabu, wale ambao siku ya 30 walikuwa na ulemavu mzito, hawatembei bila kushikwa au hawatoki kitandani. Kufikia mwaka mmoja, 43 kwa 100 kati yao walikuwa wanatembea wenyewe, wengine wakihitaji msaada kidogo kwa shughuli za kila siku. Walikuwa wagonjwa waliochaguliwa na kuhudumiwa vyema, na mazoezi ya viungo waliyopata si ya kulinganisha na anayorudi nayo mtu Budalang'i kwenye kipande cha karatasi. Lakini anayesema siku ya pili kwamba "huyu hatatembea tena" anazungumza kuhusu safari ambayo bado haijaanza.

Mimi naegemea kwa wanaotaka nambari isitamkwe mbele ya familia siku ya kwanza. Itumike kwenye simu ya rufaa, iandikwe kwenye faili, imsaidie daktari kupanga. Kwa jamaa, ingoje siku mbili. Najua pingamizi lake, na ni zito: siku mbili hizo nani anazilipia? Kumwambia mkulima wa Muhoroni asubiri ni kumwambia aendelee kutoa. Pingamizi hili lingenishinda kama kusubiri kungemaanisha kitanda cha mahututi na si vinginevyo. Lakini mwaka 2023 yalitoka matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa zaidi ya 7,000 katika nchi 10, Nigeria ikiwemo, nyingi zikiwa za kipato cha chini na cha kati. Walichofanya ni kushusha presha, ile nambari ya juu, hadi chini ya 140 ikiwezekana ndani ya saa moja, kudhibiti sukari, kushusha homa, na kuondoa haraka makali ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa waliokuwa wakiitumia. Vitu hivyo vikifanywa pamoja, matokeo mabaya yalipungua na vifo pia. Hakuna hata kimoja kinachohitaji mashine ya kupumulia. Ongeza lile jaribio la kumeza, mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa chache, na siku mbili zinakuwa za matibabu, kwa gharama inayoweza kutajwa waziwazi mapema kabla mtu hajauza chochote.

Hapo ndipo ningependa ukweli uwe mkali kuliko ulivyo sasa: bei zitajwe kwanza, nafasi za kupona baadaye. Familia iambiwe siku ya kwanza kwamba ugonjwa ni mzito na anaweza kufariki, kwamba siku mbili zijazo zitaonyesha anakoelekea, na kwamba siku hizo zitagharimu kiasi fulani. Hilo linawapa cha kuamulia. Siku ya tatu daktari akae nao, pamoja na muuguzi. Namtaja muuguzi kwa makusudi. Utafiti wa Marekani wa 2016 uliwauliza madaktari na wauguzi katika siku ya kwanza wakadirie mgonjwa atakuwaje baada ya miezi mitatu, na makadirio yao yalikaribia ukweli kuliko alama. Wenye kupinga nambari hupenda kuutaja utafiti huu. Wanasahau kwamba unamrudisha pia yule mwalimu mkuu na mchuuzi wa omena, kwa kuwa jicho la mtu huona mengi, yakiwemo yasiyofaa kuhesabiwa. Nambari na jicho vikitofautiana, tofauti hiyo iandikwe na ielezwe.

Swali ambalo pande zote zinalikwepa ni la nambari zetu wenyewe. Vitu vitano vya alama ya ICH viko tayari kwenye faili za kila mgonjwa aliyepigwa picha Kisumu, Kakamega, Eldoret na Nakuru. Kisichokuwemo ni saa dalili zilipoanza, saa mgonjwa alipofika, alijaribiwa kumeza au la, na yuko wapi siku ya 90. Tatu za kwanza ni mistari michache kwenye fomu ya kulaza. Ya nne inahitaji simu moja, au mhudumu wa afya ya jamii ambaye tayari hupita nyumba hadi nyumba, abishe hodi na kuuliza kama mama anatembea. Kwa rekodi za miaka michache kutoka hospitali nne, daktari wa Kisumu anaweza kumjibu mtu wa Ahero kwa yaliyowapata watu wa Ahero, na mabishano juu ya wale 152 wa San Francisco yakabaki kwa wanaoyahitaji.